Vidole Vitano Kwenye Kioo

Kila Jumamosi, kabla wateja hawajaanza kubisha hodi, Msusi alianza na kichwa kile kile: cha mama mkwe wake. Bibi kizee alikaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza magotini mwa mkwewe, na maneno yakaanza kumwagika.

"Usinivute, mwanangu. Nywele zenyewe zimebaki za kuonjeshana."

"Tulia basi, mama. Ukitikisa kichwa, njia inakwenda kombo."

"Iende tu. Kwani mimi nakwenda wapi?"

Msusi alicheka. Alichota mafuta ya nywele kwa vidole, akayapitisha kwenye mistari ya kichwa. Mikono yake ilishinda na mafuta kutwa. Vitasa vya milango ya nyumba ile vilikuwa na mafuta. Vikombe navyo vilikuwa na mafuta. Mumewe alikuwa mwoka mikate, na kila akirudi kazini alimtania.

"Mke wangu, siku moja nitakushika mkono uniponyoke kama samaki."

"Na wewe ulivyojaa unga! Tukikandwa pamoja, tunatoka mkate."

Basi ndivyo walivyoishi, kwa utani na kwa amani. Aliyekuwa hana amani ni wifi.

Huyu wifi alikuwa dada yake mwoka mikate. Alikuwa na nyumba kubwa, sakafu yake ya kujitazama uso. Siku moja alikuja, akaingia chumbani kwa mama yake, akashusha rafuni vyombo viwili vya maua vya kioo. Mama alikuwa navyo tangu ujana wake. Wifi akavifunga kwenye kanga.

"Huku vitavunjika," alisema. "Vitu vya heshima vinataka mahali pa heshima."

Rafu ikabaki tupu. Halafu, bila haya, wifi huyo huyo akarudi na kuilalamikia.

"Chumba gani hiki? Kama stoo! Watu wakija kumjulia hali mama yangu, wanaona nini? Ukuta. Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Mama anahamia kwangu."

Moyo wa Msusi ulipiga pa! Aliogopa, tena aliogopa kweli. Alikuwa amemzoea mama yule kuliko alivyozoea kivuli chake. Wifi alipoondoka, alichutama mbele ya kigoda.

"Mama, niambie ukweli. Unataka kwenda?"

Bibi kizee aliitazama rafu.

"Kule zulia ni zuri," alisema. "Lakini wanatoka asubuhi wote. Anayebaki kuongea nami ni televisheni, na hiyo ukiijibu haisikii. Lakini mwanangu yule hasikii pia. Akishika jambo ameshika."

"Basi na mimi nimeshika," Msusi alisema. "Huendi kokote. Na sitampigia mtu magoti anirudishie vyombo. Hiyo rafu nitaijaza mwenyewe."

Siku iliyofuata alikwenda sokoni, upande wa mitumba. Chini ya lundo la sahani alipata vyombo vitatu vya maua vya kioo. Kimoja kilikuwa na shingo ndefu. Kimoja kilikuwa cha mviringo, kimenona kama mtungi. Cha tatu kilikuwa cha mraba. Vilikuwa na vumbi na mabaki ya stika, na hakuna kilichofanana na mwenzake. Lakini vyote vilikuwa vizima, havina ufa. Msusi alivigonga kwa ukucha, vikalia vizuri.

Nyumbani kulikuwa na rangi ya maji iliyobaki walipopaka ukuta. Msusi alivifuta vyombo kwa upande wa kanga, basi. Alikuwa katikati ya kumsuka mteja. Alisuka mistari miwili, akapaka rangi kidogo. Akasuka tena, akapaka tena. Alipaka rangi nzito, nene, akisema, "Ndiyo ishike vizuri." Jioni ile ile alijaza maji na kuweka matawi mabichi. Vilipendeza, usiseme! Mama mkwe alipiga makofi.

Furaha yenyewe haikuzeeka. Kesho yake, wifi alitokea bila taarifa.

"Njoo uone vyombo vyangu," mama yake alimwambia kwa maringo.

Wifi alikamata kile chenye shingo ndefu, akakinyanyua. Lo! Chombo kilipanda juu, rangi ikabaki kiganjani mwake. Ilitoka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Wifi aliutazama mkono wake. Halafu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi yangu, hiki umekipaka rangi au uji? Ndiyo maana nasema! Takataka za watu unaziokota, unazipaka rangi, unamwekea mama yangu. Mama, anza kukusanya nguo zako."

  Wifi alipokwenda zake, Msusi alikibeba kile chombo na kutoka nacho moja kwa moja kwenye pipa la taka, machozi yanamlengalenga kwa hasira.

"Wee! Usitupe kioo hivyo, utamkata mtu!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani, mwanamke anayepaka rangi magari. Watu walimwita Dada Msasa, kwa sababu hakukosa kipande cha msasa mfukoni. Alikuwa na sauti ya kushindana na injini, na hakuwa na subira hata chembe.

"Lete hapa. Nani amekipaka?"

"Mimi," Msusi alisema. "Rangi mbovu."

Dada Msasa alikigeuza kwenye jua. Rangi ilikuwa imebanduka kwa mabaka. 

"Hebu kishike kama ulivyokishika wakati unapaka."

Msusi alikishika. Vidole vyake vilikaa kwenye mabaka yale, kimoja kimoja, vyote vitano. Vililingana kama mguu na kiatu chake.

"Unaona?" Dada Msasa aliunguruma. "Rangi haina kosa, kioo hakina kosa. Ulikuwa unasuka, si ndiyo?"

"Nilikuwa nasuka."

"Umekishika na mafuta! Dada yangu, rangi na mafuta hawalali kitanda kimoja. Hata gari la tajiri, nikilipaka juu ya grisi, litababuka njiani watu wakiona."

Msusi aliitazama mikono yake. Halafu aliuliza swali lililokuwa linamchoma.

"Kwa hiyo hizi si takataka?"

"Takataka nini! Kioo kikiwa kizima kinapakwa na kutumika miaka. Kitakuwa takataka ukikitupa. Ingia ndani tuanze upya."

Waliingia uani, wakakiweka kando kile chenye shingo ndefu na kuanza na cha mviringo. Dada Msasa akaamrisha, Msusi akatenda.

"Kwanza nawa mikono. Kwa sabuni. Rudia, bado unang'aa! Sasa bandua ile rangi ya zamani, uoshe chombo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Stika usiichokonoe na kisu, iloweke itoke yenyewe. Kikaushe kabisa. Halafu pitisha msasa laini nje, taratibu. Hukwangui sufuria."

"Msasa wa nini tena? Si kitachubuka?"

"Ndiyo nataka kichubuke kidogo! Kioo kinateleza. Rangi inataka mahali pa kung'ang'ania. Futa vumbi lote. Sasa chukua kitambaa safi chenye spiriti, futa tena. Ukifanyia ndani, fungua madirisha, na jiko likae mbali, spiriti inashika moto upesi. Ukishamaliza hapo, kioo kisiguswe tena na vidole. Hata mimi usinikubalie."

"Nitakipakaje bila kukishika?"

"Ingiza kijiti ndani, kipindue, ushike kijiti."

Msusi alifanya hivyo, akacheka mwenyewe. Chombo kilikaa juu ya kijiti kama kofia.

Dada Msasa alileta kopo lililobaki gereji kwake. "Hii inaitwa praima. Ni rangi ya kwanza, ya kushikilia wenzake. Hakikisha kopo limeandikwa kwamba inafaa kioo. Kopo lisilo na maandishi usilitumie, hujui lina sumu gani. Ikikauka, ndiyo unaweka rangi yako ya ukuta. Paka nyembamba, iache ikauke, paka tena nyembamba. Ile nene yako juu ilikauka, ndani ilikuwa mbichi."

"Na ndani ya chombo?"

"Ndani usiguse! Maji yakae ndani, rangi ikae nje, wasikutane. Na chombo ulichopaka usije ukanywea wala kulia chakula. Ni cha maua tu."

Mwoka mikate alifika wakati huo, unga mpaka kwenye nyusi.

"Naona nyumba imekuwa gereji," alisema.

"Afadhali umekuja," Dada Msasa alimdaka. "Kazini kwenu kuna ule unga mweupe wa kuumulia keki?"

"Upo. Tunaumua chombo?"

"Tunauchanganya na rangi ya maji, kidogo kidogo, mpaka iwe nzito kama maziwa mgando. Kioo kikipakwa hiyo kinakuwa na uso kama wa udongo uliochomwa. Mwishoni tunakipaka vanishi, isichubuke."

Kazi ikaanza upya. Kila Msusi alipotaka kushika brashi, alikwenda kunawa. Wateja walimcheka. "Leo unanawa kama daktari!" Naye aliwajibu, "Ndiyo, nina wagonjwa watatu."

Wagonjwa wenyewe wakawa wawili. Alipotaka kukwangua kile chenye shingo ndefu ili akipake upya, mama mkwe alikikumbatia.

"Hiki niachie hivi hivi."

"Mama, kimeharibika. Watu watacheka."

"Wacheke. Hiki changu."

Basi, ukibishana na mtu wa umri ule utashinda? Msusi alipaka vile viwili, cha mviringo rangi ya tofali, cha mraba rangi ya majani makavu. Kila mkono wa rangi ulisubiriwa ukauke. Walipomaliza, Dada Msasa alivitia ndani ya boksi.

"Visishikwe," alisema. "Rangi ikikauka juu haijakomaa ndani. Viache mpaka mwisho wa mwezi ukaribie. Baadaye usiviloweke, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu."

"Mwisho wa mwezi ndiyo wifi anakuja."

"Basi vitamkuta vimekomaa. Na wewe komaa!"

Mwisho wa mwezi wifi alikuja, na gari lilingoja nje, dereva ndani yake. Aliingia mpaka chumbani bila hodi, akasimama. Mapazia yalikuwa wazi. Rafuni kulikuwa na vyombo vyenye uso wa udongo, vimejaa matawi mabichi, na nuru ya dirisha ilivikaa vizuri. Katikati yao kilisimama kile chenye shingo ndefu, na mabaka yake.

Wifi alikwenda kwenye cha mviringo. Alikinyanyua. Rangi haikutoka. Alikikwangua kwa ukucha. Haikutoka. Alilowesha kidole kwa maji ya ndani, akasugua. Wapi!

"Sawa," alisema hatimaye. "Umejitahidi. Mama, nguo ziko wapi?"

Msusi alisimama mlangoni. 

"Wifi, mama si kabati. Hahamishwi. Ulisema chumba kitupu, nimekijaza. Ulisema takataka, umezikwangua mwenyewe. Sasa una neno gani lingine? Na kama unalo, muulize yeye, yupo hapa, anasikia."

Hakuna aliyewahi kumsemesha wifi hivyo. Alitafuta pa kushika, akaona chombo cha katikati.

"Na hicho je? Hicho kilichobabuka mbona kimewekwa mbele ya watu?"

Bibi kizee alinyoosha mkono, akakichukua, akakipakata.

"Nilikiweka mimi. Njoo uone, binti yangu. Hapa kuna kidole gumba. Hapa cha shahada. Hivi ni vidole vya huyu mkwe wangu. Ndivyo vinavyonisuka kila Jumamosi. Ulipokuja kuchukua vyombo vyangu, ulivishika vyombo. Mimi ulinigusa wapi?"

 Macho ya wifi yalikwenda kwenye mistari ya kichwa cha mama yake, iliyonyooka, inayong'aa mafuta. Nje, dereva alipiga honi.

"Mwambie azime gari," mama alisema. "Mimi sitoki hapa."

Wifi alitoka, na walisikia gari likizimwa. Aliporudi, alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba ameubana mapajani.

"Nitavirudisha vile vyombo vyako, mama."

"Kaa navyo. Rafu imejaa. Wewe njoo Jumamosi tu, mikono mitupu."

 Wifi alikitazama chombo cha mviringo, halafu akamtazama Msusi. Aliongea taratibu, kama anayetoa mwiba.

"Wifi, nina vyombo vya kioo stoo, nilitaka kuvitupa. Hivi... hii mliipakaje?"

Msusi aliitazama mikono ya wifi. Ilikuwa laini, inanukia, imepakwa losheni mpaka kwenye viwiko. Alimwonyesha karo la maji.

"Kanawe kwanza," alisema. "Kwa sabuni."