Pua Iliyobaki Nairobi

Kanyange alirudi mtaani kwake Biryogo na plasta puani na furaha moyoni, na kitu cha kwanza kumtia shaka kilikuwa harufu ya isombe, kisamvu cha kwao. Nani anapika nyumbani kwake, na mumewe Twahiru, fundi cherehani, hajui hata kuwasha jiko la makaa?

Binti yake Zuhura, wa miaka minne, alikuwa mlangoni.

"Mwanangu, njoo!"

Mtoto akarudi nyuma. "Mama iko jikoni."

Kanyange akacheka. Pua yake nene, waliyomtania tangu shuleni hadi akazoea kucheka akijifunika kwa kiganja, ilikuwa imepunguzwa na daktari wa Nairobi, na kwa mara ya kwanza alikuwa amejitazama kwenye kioo akajipenda. Na kwa nini asijipende? Lakini alipochungulia jikoni kicheko kilimkauka. Mwanamke aliyevaa kitenge cha Kanyange aligeuka kutoka kwenye sufuria, na uso ulikuwa wa Kanyange mwenyewe, pamoja na pua ile ile ya zamani.

Ilipopita adhuhuri Twahiru alimwita Shehe Nzeyimana, msomeaji wa majini mtaani hapo. Shehe akamsogelea Kanyange.

"Kile walichokata, walizika wapi?" alinong'ona.

Kwao hata ukucha huzikwa, usije ukaokotwa na wasioonekana.

"Sijui, Shehe. Nilikuwa nimelala. Labda walitupa."

"Yampayinka!" Twahiru alimaka. "Huyu wa jikoni iko hapa tangu wiki jana. Alisema ameogopa kisu, amerudi."

Kanyange akatoa kitambulisho chake. Twahiru aliitazama picha, akamtazama mkewe, kisha akamtazama yule mwingine, na macho yake yakabaki huko.

"Jini haliwezi moshi wa ubani," alisema Shehe. "Tutajua." Akafunga mlango.

Moshi ukapanda, na yule mwingine akauvuta taratibu, Zuhura mapajani mwake, huku Kanyange akizuia pumzi kwa kuwa kidonda ndani ya pua kilikuwa kibichi bado, akazuia na kuzuia mpaka kifua kikakataa, moshi ukaingia ukachoma kila mshono, akakohoa, akapiga chafya, damu ikapenya plasta ikatiririka hadi kidevuni, naye akawa anapapasa ukuta akitafuta dirisha mbele ya mwanawe aliyekuwa akipiga mayowe.

"Ni kidonda! Ni kidonda tu, wallahi!"

Sauti ilipita kwenye pua iliyovimba, ikatoka si yake. La kuvunda halina ubani, husema watu. La Kanyange ubani ulikuwapo, na ndio uliomwangamiza. Walimtoa kwa aya na kwa ufagio, na aliyeshika ufagio alikuwa Twahiru, akilia.

Jua lilikuwa bado kali. Kanyange aliegemea mlango wake uliokomewa, akabisha, akabembeleza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Ndani mayowe yalikuwa yamekoma.

"Mama, lile jini limekwenda?" aliuliza Zuhura.

"Limekwenda, mwanangu," ilijibu sauti ya Kanyange, ile ya zamani. "Njoo ule."