Nukta Nyekundu Juu ya Pampu

Mama Tochi alipofika kituo cha mafuta, saa nane mchana, alimkuta mama yake mzazi amelala chali ndani ya gari, sehemu ya nyuma. Milango yote ilikuwa wazi, na wauza mafuta wawili walikuwa wakimpepea kwa vipande vya boksi. Hakulitazama gari. Alimshika mama mkono, akaukuta mkavu na wa moto.

"Nimechoka tu, mwanangu," mama alisema. "Msigombane."

Aliyekuwa na hamu ya kugombana ni mdogo wake, fundi cherehani, aliyesimama kando na ufunguo mkononi. "Tumetoka hospitali salama," alisema. "Nimesimama hapa ninunue maji ya kunywa, nikazima. Kurudi, nawasha, linazunguka tu, halishiki. Saa mbili nzima mama amelala kwenye jua hili, dada! Na asubuhi lilishika mara moja tu, hata halikukohoa."

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya dizeli, ya mtumba, lenye mgongo mrefu. Mama alikuwa amevunjika nyonga na hawezi kukaa. Ukilaza viti vya nyuma na kutandika godoro, anasafiri kama yuko kitandani kwake. Ili kulipata, mdogo mtu aliuza cherehani mbili kati ya tatu alizokuwa nazo. Aliuza bila kusita kwa sababu dada yake ndiye aliyelikagua, na kukagua magari ya mtumba ndiyo kazi iliyompa dada yake jina.

Mama Tochi hakununua gari kwa maneno ya mtu. Aliingia chini kwa tochi kutafuta kutu iliyofichwa kwa rangi. Aliinua zulia la buti akanusa kama kuna unyevu. Alilinganisha kilomita za dashibodi na mipira ya pedali, maana mita hurudishwa nyuma lakini mpira uliolika haurudi. Alifungua kifuniko cha oili kutafuta povu jeupe, akatazama moshi wa ekzosi kama ni mweusi, wa buluu au mweupe. Kila kilichofaulu alikipaka nukta moja ya rangi nyekundu ya kucha. Ndugu zake walimtania kwamba gari likipakwa kucha na Mama Tochi limeshaposwa, linangoja harusi. Pampu ya dizeli aliiacha ya mwisho, na hakuipaka kamwe mpaka aliwashe gari likiwa limelala usiku kucha. "Dizeli ni kama mtu," alizoea kusema. "Usimpime afya akishachangamka. Mwone anavyoamka."

Mama aliondolewa kwa teksi, ndipo Mama Tochi akafungua boneti. Kwanza alishuku mafuta. Alitoa dizeli kwenye chujio, akaiweka kwenye chupa nyeupe na kuiinua juani. Haikuwa na maji wala takataka.

"Umeona?" muuza mafuta alisema kwa kinyongo. "Kila gari likizima hapa, mchawi ni sisi."

"Nisamehe, baba. Niletee maji na kitambaa."

Alifunika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, akasubiri ipoe, kisha akawasha. Injini ikashika papo hapo. Hapo hapakuwa na fumbo tena. Pampu ya dizeli iliyochakaa ndivyo ilivyo: ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata joto mafuta yanakuwa mepesi, yanavuja ndani kwa ndani, na gari linagoma mpaka lipoe.

"Kwa hiyo yule Mwalimu aliyeniuzia gari kanipa pampu mbovu," mdogo wake alisema.

Mama Tochi alimulika tochi. Pampu ilikuwa nyeusi kwa grisi, na juu yake, imetulia vizuri, kulikuwa na nukta nyekundu.

"Nukta yako hiyo hapo, dada. Si ulikwenda asubuhi ukaliona likiamka? Si uliniambia?"

"Nilikuambia," Mama Tochi alijibu.

Ukweli alikuwa nao peke yake, na ulikuwa unamla. Alikwenda kwa Mwalimu adhuhuri, akiwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Aliweka kiganja kwenye boneti, akaikuta ya moto. Alijiahidi kurudi kesho yake alfajiri. Alfajiri ilipofika mvua ilikuwa inanyesha na blanketi lilikuwa zito, akampigia simu mdogo wake na kusema, "Nimeliona likiamka. Chukua." Watu wengine wote aliwakagulia kwa haki. Uvivu wake akamwekea mtoto wa mama yake.

Na ile nukta? Alijaribu kukumbuka kama aliipaka siku ile kwa haraka, na hakuweza kuapa. Mtu mwenye hatia haaminiki hata na kumbukumbu zake mwenyewe.

Jioni mumewe alirudi na kigari chake cha mikate. Fundi, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa na gereji ndogo, na alfajiri aliisambazia mikate bekari moja ya jirani. Kigari kilikuwa na injini pacha ya ile ya stesheni wagoni. Yeye mwenyewe Mama Tochi ndiye aliyemwachia gari la mdogo wake abadilishe oili na machujio kabla halijakabidhiwa, likalala gereji siku mbili.

"Usijilaumu, mke wangu," Fundi alisema alipokwisha kusikia habari. "Walimu wana akili nyingi. Mpelekeni polisi, atatapika pampu mpya."

Alinawa mikono jikoni. Chini ya sinki bomba lilikuwa linavuja, na mtu alikuwa amekinga dumu la njano. Mama Tochi alilitazama dumu lile bila kulifikiria sana. Ndilo lililokuwa likipanda kigari cha mikate kila siku.

Asubuhi iliyofuata walikaa mbele ya koplo wa zamu. Mwalimu, mzee mstaafu mwenye shati lililopigwa pasi, alikaa na kofia magotini. Mdogo mtu alikwishaeleza yake kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Mzee," koplo alisema, "unatuhumiwa kuuza gari bovu kwa hila. Kuna mahabusu hapo nyuma. Jieleze."

"Mwanangu, gari hilo limenibeba miaka. Halijanigomea hata siku moja."

"Siku ya ukaguzi lilikuwaje?"

"Nilikuwa nimetoka kumrudisha mke wangu kutoka kliniki. Nimezima tu, ndiyo huyu mama akaingia getini. Kagusa boneti, kasema ni la moto. Nikamwambia aje kesho likiwa limelala. Kasema atakuja. Hakuja."

"Mwongo!" mdogo mtu alisimama. "Dada alikwenda asubuhi. Ameniambia kwa mdomo wake!"

Koplo aligeuka. "Mama, wewe ndiye shahidi. Ulikwenda asubuhi au hukwenda?"

Neno moja, ndiyo, lingetosha. Jina lake lingebaki safi, mdogo wake angepata pampu mpya, na mzee huyu angelala ndani. Mama Tochi aliitazama kofia ile iliyokunjwa magotini, akaona aibu kama mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu cha jirani.

"Mwalimu," alisema polepole, "siku ile nilipowasha, lilishika mara ya ngapi?"

"Ya kwanza. Ukazima, ukawasha tena, ukazima, ukawasha. Mara tatu. Nikajisemea, huyu mama anacheza na betri yangu."

Mama Tochi alifumba macho. Mara tatu, injini ikiwa ya moto, na lilishika. Kisha akaliona lile dumu la njano chini ya sinki, na sasa akalifikiria.

"Koplo, nitakujibu," alisema. "Lakini jibu langu lina mtu mwingine ndani yake. Twendeni gereji kwa mume wangu."

Fundi aliwapokea kwa bashasha, akifuta mikono kwa tambara. Stesheni wagoni ilikuwa imeegeshwa mlangoni, boneti wazi. Kigari cha mikate kilikuwa kando, kimetoka kusambaza sasa hivi, bado kinanukia mkate.

"Karibuni. Shemeji, pole sana na mama."

"Mume wangu, nina swali dogo," Mama Tochi alisema. "Ulipobadilisha oili, pampu ya gari hili ilikuwa na nukta yangu?"

Fundi alimtazama. Alimtazama kwa muda, na ndani ya macho yake mkewe aliona kitu ambacho hakukipenda. Ilikuwa kama mtu anayemkumbusha mwenzake siri yao.

"Ilikuwa nayo," alijibu. "Nimeiona kwa macho yangu. Wewe hukosei, mke wangu. Kila mtu hapa anajua."

"Sikuipaka."

Tambara likatulia mikononi mwa Fundi.

"Sikuipaka," alirudia, sasa akimgeukia mdogo wake, maana huyo ndiye aliyestahili kuambiwa usoni. "Pampu huwa siipaki mpaka nilione gari likiamka. Sikuliona. Asubuhi ile nilikuwa kitandani. Nilikudanganya, mdogo wangu. Mwalimu amesema kweli tupu."

Mama Tochi akaendelea, maana akinyamaza asingeweza kuanza tena.

"Koplo, pampu iliyochakaa hugoma ikiwa ya moto. Mimi nililiwasha gari la moto mara tatu, mbele ya Mwalimu, likashika mara zote tatu. Kwa hiyo pampu niliyoiona mimi ilikuwa nzima, na hii iliyomo sasa si ile. Imebadilishwa baadaye. Na aliyeibadilisha anajua kwamba nina tabia ya kupaka kucha, akaipaka ili ionekane imekuwamo tangu siku ya ukaguzi. Gari lingelala kwa mtu mwingine yeyote, ningehangaika kumtafuta. Limelala hapa."

"Maneno matupu," Fundi alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Hilo gari lako la mikate lilikuwa halitembei bila dumu la maji. Kila ukizima, unaimwagia pampu maji ndipo liwake. Watoto wa mtaani walikuwa wanasema linaoga. Sasa dumu liko jikoni linakinga bomba. Koplo, mwambie aliwashe. Limetoka kuzimwa, lina moto."

Koplo alinyoosha mkono kudai ufunguo, akaingia mwenyewe, akawasha. Kigari kilishika mara ya kwanza. Akazima, akawasha. Kikashika tena.

Mwalimu alikuwa ameinama kwenye boneti ya kigari. "Mnaona sikio hili la pampu, hapa inapofungwa bolti, lilivyomeguka?" aliuliza kwa upole. "Nililidondoshea spana mwenyewe. Mke wangu alinicheka wiki nzima."

Fundi alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Bekari walikuwa wananiacha," alisema. "Mikate inafika imepoa, nimesimama barabarani namwagia gari maji kama mwendawazimu. Walinipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikafungua boneti ya shemeji nikaikuta pampu nzima, inalingana na yangu. Nikasema Mwalimu atabanwa, atanunua nyingine, hakuna atakayeumia."

"Mama yangu ameumia," mdogo mtu alisema.

"Sikujua mtambeba mama siku ile."

"Na nukta?" Mama Tochi aliuliza. "Kwa nini ulitumia nukta yangu?"

Fundi aliinua uso. "Nilipoona pampu haina nukta, nikajua hukulikagua likiwa baridi. Na nilisikia ulivyomwambia mdogo wako kwenye simu. Nikasema huyu hawezi kuikana. Akiikana, itabidi aseme alikuwa kitandani." Alitabasamu kidogo, tabasamu la huzuni. "Nilidhani nakujua."

"Ulinijua," alijibu. Lilikuwa jambo lililomuuma kuliko yote, kwamba mumewe aliujenga wizi juu ya uongo wake, na ulikuwa msingi imara. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini safari hii nguo yenyewe alikuwa ameichana kwa mikono yake.

Koplo alimwinua Fundi kwa mkono. Mama Tochi alimwomba Mwalimu radhi, na mzee akavaa kofia yake, akasema wamezeeka vya kutosha kusameheana. Alibaki mdogo wake.

"Mdogo wangu..."

"Yeye aliiba pampu," mdogo mtu alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilitisha zaidi. "Wewe ningekupa hata cherehani ya tatu, kwa neno lako tu."

Siku hiyohiyo fundi wa mtaa wa pili alizirudisha pampu, kila moja mahali pake. Kesho yake alfajiri, kabla ya jogoo wa pili, Mama Tochi aliamka mwenyewe, akachukua tochi na kichupa cha rangi ya kucha, akaenda kwa mdogo wake. Alitaka kuifanya ile kazi aliyodai ameshaifanya, gari likiwa limelala. Alipofika uani aliweka kiganja kwenye boneti.

Ilikuwa ya moto.

Mdogo wake alitokea mlangoni na kanga mabegani. "Fundi wa mtaa wa pili kaja mapema, kaliwasha yeye," alisema. "Limeamka vizuri."

"Naweza kumwona mama?"

"Mama kalala."

Mlango ulirudi polepole, haukubamizwa, ila komeo lilisikika. Mama Tochi alizima tochi. Hakuondoka. Alisimama palepale uani, kiganja juu ya boneti, akasubiri ipoe.