Daftari la Mwalimu Wenseslaus

"Mnara kwa Mwewe. Tumenasa ujumbe mwingine. Maneno matatu."

Redempta alipunguza mwendo wa pikipiki yake ya Yamaha pale Shirimatunda, akabonyeza kifaa cha sikioni.

"Soma."

"Chapel. Pastor. Mass. Umetumwa dakika nne zilizopita. Simu iko Kibosho, nyumbani kwa mwalimu mstaafu anaitwa Wenseslaus."

Alilijua jina hilo.

Wataalamu wa makao makuu walikuwa wamekesha siku tatu wakitafuta jibu la mafumbo ya aina hiyo. Yeye alielewa papo hapo, na laiti asingeelewa. Chapel: asili yake koti dogo, lile la Mtakatifu Martini lililotunzwa na mapadri wa kale. Pastor: mchunga mifugo, Kilatini hicho. Mass: neno la kuwaaga waumini, ibada imekwisha, nendeni.

"Baruti iko kwenye lori la mifugo," alisema. "Dereva amevaa koti fupi. Ameambiwa aondoke. Fungeni njia ya Tarakea."

"Umejuaje?" Alikuwa Rogath, mkuu wake.

"Nilifundishwa."

Rogath akasema, "Basi aliyekufundisha ndiye tunayemtaka. Mlete. Akileta ubishi, usimbembeleze."

Redempta alivuta mafuta. Genge walilokuwa wakilifuatilia lilitaka kulipua soko la Tarakea siku ya gulio, watu wa pande mbili za mpaka waanze kushikana mashati. Akina mama wangapi wangekuwa pale na ndizi zao? Na bado, katika aibu yake yote, aliyekuwa akimuwaza njia nzima ni mzee mmoja tu, aliyemlipia mtihani wa kidato cha nne na hakuwahi kulitaja jambo hilo tena.

Mwalimu Wenseslaus alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya migomba, daftari lake la jalada jekundu, la asili za maneno, mapajani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Redempta! Karibu mwanangu, umepotea sana."

"Nyoosha mikono, Mwalimu."

Aliinyoosha akitabasamu, akidhani anapewa zawadi. Pingu zililia kwa mlio mdogo. Tabasamu lilichelewa kuondoka, na hilo ndilo lililomuuma Redempta kuliko yote.

"Haya maneno yako ya kanisa," alisema kwa ukali aliojilazimisha nao. "Nani mwingine anayajua?"

"Wewe. Wenzako wa darasani. Na Calvin, mpangaji wangu, ndiye ananisomea siku hizi."

Calvin alitoka jikoni na kata ya mbege, pombe ya ndizi, inayotoa povu. Alikuwa mtu mzima, nadhifu, miwani ya fremu ya dhahabu. Alijitambulisha kuwa mtafiti wa lugha, Mchagga wa Old Moshi, kazaliwa na kukulia huko huko. Alizitazama pingu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kupendeza.

"Jamani, babu wa watu. Afande, mwache anywe kidogo kabla hamjaondoka. Safari ni ndefu."

Akampa mzee kata mikononi, moja kwa moja.

Mzee, ambaye hakuona kitu, aliinua kata.

"Usinywe!"

Redempta alikuwa ameshaudaka mkono wake. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni hajapata kuona Mchagga akimkaribisha mwenzake mbege bila kuonja kwanza yeye mwenyewe. Mama yake alionja. Bibi yake, hoi kitandani, alionja. Mlevi wa mwisho kilabuni huonja, ili anayepewa ajue hakuna sumu.

"Onja," alimwambia Calvin.

"Mimi? Mimi situmii pombe."

"Chovya ulimi tu."

Mzee aligeuza uso polepole kuelekea sauti ya mpangaji wake. "Hajaonja?"

Mkono wa Calvin uliingia ndani ya koti.

Bastola ya Beretta ilichomoza. Redempta hakugusa Glock yake. Alimmwagia kata nzima usoni.

Bastola ilianguka. Calvin alipiga magoti, akitema, akijisugua midomo kwa nyasi na udongo, akililia maji kama nyumba inamuungulia. Mtu aliyemwagiwa mbege tupu, isiyo na sumu, hujifuta akatukana. Redempta alimpa ndoo ya maji, kisha goti la mgongoni na kamba ya mgomba. Mfukoni mwake mlikuwa na simu, na ndani ya simu picha za daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Redio ilikwaruza.

"Mwewe, lori la mbuzi limekamatwa Useri. Dereva ana koti fupi. Makasha sita ya baruti. Huyo mwalimu je?"

"Hana hatia. Leteni gari na daktari kwa mpangaji wake, ndiye mtu wetu."

Alizifungua pingu.

Mzee alijipapasa viganja. "Uliamini ni mimi?"

Angeweza kudanganya. Ndiyo kazi yake.

"Ndiyo, Mwalimu. Niliamini."

Alikwenda kwenye ua, akachuma jani la isale, ambalo kwa Wachagga ndilo la kuombea msamaha, akalileta kwa mikono miwili na kuliweka juu ya daftari. Mwalimu alilitambua kwa vidole.

"Kuna neno sikuwahi kukufundisha," alisema. "Absolve. Padri akikusamehe dhambi, ndilo hilo. Kwa Kilatini ni kufungua kilichofungwa. Wewe umenifungua. Mimi bado sijaweza kukufungua, mwanangu. Ila isale hairudishwi. Njoo Jumapili, unisomee daftari. Mpangaji sina tena."

"Nitakuja."

Gari la makao makuu lilikuwa limeingia uani. Redempta alivaa helmeti, akashusha kioo cheusi, akalipita gari bila kumsalimia mtu.