Kilima Alichokisingizia Gesare

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Gesare alipanda kilima cha Nyanchwa, kando ya mji wao, kuokota kuni. Mwaka huo wa 1966 alikuwa darasa la sita, akiishi na bibi yake, Tryphosa, na mdogo wake Mokeira, mtoto wa miaka minne aliyesumbuliwa na kifua. Umande ulikuwa baridi, mzigo mzito, na Gesare aliichukia kazi ile kuliko kiboko.

Siku moja ya Septemba, Mwalimu Nyangau alitundika ramani ubaoni.

"Huu ni mlima wa volkano, Oldonyo Lengai, kule Tanzania," alisema. "Ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka tena 1940, na mwezi uliopita ulilipuka tena. Majivu na lava vimeujenga tabaka juu ya tabaka."

Jioni, bibi, ambaye Gesare alimwita Magokoro, alipomkumbusha kuni za kesho, uongo ulimponyoka Gesare.

"Magokoro, mwalimu amesema hata kilima cha Nyanchwa kitalipuka wiki hii. Tusipande."

Bibi aliweka mwiko chini. "Moto utoke ardhini?"

"Ndiyo, Magokoro. Utachoma kila kitu."

Bibi alimvuta Mokeira kifuani. Gesare akalala usingizi mnono.

Kesho yake alasiri, alipotoka shule, alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani yao, Nyangate, alikuwa akifunga kuku wake miguu.

"Bibi yako amembeba Mokeira, wamekwenda Birongo kwa kaka yake," alisema. "Alijua mwalimu atawaokoa ninyi wa shule. Sisi pia twaondoka. Si wewe uliyeleta habari?"

Gesare aligeuka kuelekea njia ya Birongo. Radi ilipiga, na mvua ya mawe ikashuka. Alitimua mbio akiteleza matopeni, akianguka, akiinuka, akilia, "Magokoro! Magokoro!" Mvua ilimeza sauti yake. Kila mwanamke aliyemwona mbele alidhani ndiye. Kila mara hakuwa yeye.

Aliwakuta katika kibanda cha kukusanyia majani chai. Mokeira alikuwa amelowa chepechepe, midomo imebadilika rangi, pumzi ikikoroma.

"Mwanangu, umeuponyoka moto!" bibi alisema, akimkumbatia.

"Hakuna moto, Magokoro. Nilidanganya. Sikutaka kwenda kuokota kuni."

Bibi alimwachia polepole, akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Nami nikamtoa mgonjwa mvuani kwa neno lako."

Gesare alimfunga Mokeira mgongoni kwa leso, wakarudi mjini hospitalini. Joto la mtoto lilimchoma mgongo. Kila kikohozi kiliponyamaza, alisimama kusikiliza kama bado anapumua.

Ilikuwa kichomi. Siku mbili Mokeira hakumtambua mtu. Gesare hakuweza kula. Aliomba mpaka maneno yakamwishia. Siku ya tatu mtoto alifumbua macho akaomba uji. Bibi alilia kwa sauti.

Mwalimu Nyangau alikuja kuwaona. Gesare alimweleza yote bila kuficha, kisha wakapita pamoja nyumba kwa nyumba kwa majirani waliokwisha kurudi, Gesare mwenyewe akikiri uongo wake. Kwa Nyangate alisema akimtazama usoni.

Njiani mwalimu alisimama.

"Gesare, walioushuhudia Lengai waliandika walichokiona, si walichokitaka. Ndiyo sababu mimi nimeuamini mlipuko wa 1917, ingawa sikuwa nimezaliwa. Bibi yako hajui kusoma. Macho yake ya kusomea ni wewe. Anayekuamini hivyo, usimwongoze gizani."