Vipimo vya Zamani

Walikutana katika duka la vitambaa lililofurika watu, kila mmoja ameshika ncha ya kitambaa kilekile cha kijani. Mwanamke alikuwa msusi, gauni jekundu, kucha za zambarau. Mwanamume alikuwa fundi cherehani, futi shingoni.

"Kaka, hiki nimekiona mimi kwanza."

"Chukua, dada. Ila ukimpelekea fundi mwingine, nitakionea huruma."

Akampelekea yeye. Fundi akampima, wakataniana, na haukupita muda wakawa wapenzi.

Kisha titi la kushoto la msusi likaota uvimbe wa saratani. Lilikatwa, ikafuata mionzi, ngozi ya kifua ikabaki nyeusi na kukakamaa. Fundi alimsindikiza hospitali, akampikia uji, akamkanda miguu. Kifua tu ndicho hakukitazama. Mpenzi wake akibadilisha nguo, yeye hukumbuka ghafla kwamba maji ya kunywa yamekwisha.

Matibabu yalipomalizika akamletea zawadi saluni: gauni jipya la kijani. Msusi akalivaa mbele ya kioo, akabonyeza upande wa kushoto. Kidole kikazama kwenye sponji.

"Nani kakutuma?"

"Nilitaka usijisikie vibaya, mpenzi."

"Mimi, au wewe?"

Akalivua, akamrudishia. Tangu hapo hakupokea simu zake. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alihamia kabisa dukani kwa fundi: kila fundi alipokata kitambaa aliona haya kushika mkasi.

Siku moja simu ikaita.

"Kesho njoo hospitali," msusi alisema. "Daktari atatueleza habari za kutengeneza titi. Si ndilo ulilotaka?"

Daktari alikuwa mama mtaratibu. "Ngozi iliyopigwa mionzi haitanuki vizuri, kwa hiyo mfuko wa silikoni mara nyingi huleta shida. Tunaweza kuchukua nyama ya tumbo au ya mgongo, ila ni upasuaji mkubwa, na tusubiri kwanza ngozi itulie. Au unabaki na kifua bapa. Wapo wengi waliobaki hivyo na wanaishi vizuri."

"Nikateni tumbo," msusi akasema upesi.

"Unataka mwenyewe?"

Msusi akamtazama fundi. Daktari akawaambia wakafikiri kwanza.

Nje, kwenye benchi la korido, fundi alishindwa kuinua uso.

"Usikatwe tumbo kwa sababu ya sponji yangu. Lile gauni nililikata kwa vipimo vya zamani. Sikukupima. Niliogopa kuona."

"Najua. Hata mteja mkorofi humshonei bila kumpima. Nikajua unanionea kinyaa."

"Si kinyaa. Ni woga, halafu nikauona woga wangu, nikaona aibu. Nisamehe, mama."

Msusi akasimama. "Twende dukani kwako," akasema.

Fundi akafunga mlango, akavuta pazia. Msusi akafungua vifungo. Safari hii fundi alitazama: kovu, weusi, mbavu zikipanda na kushuka. Machozi yakamlengalenga, lakini hakuyaondoa macho pale.

"Sijaamua," msusi alisema. "Huenda nikatengeneza, huenda nikabaki hivi. Nikiamua, ni kwa ajili yangu."

"Sawa."

"Na hilo futi umelitoa la nini?"

"Gauni la harusi, ukinikubali."

"Na nikibadilika baadaye?"

"Nitakupima tena."

Msusi akainua mikono, wa kushoto ukaishia ulipoweza. "Basi pima. Na upashe mikono moto kwanza."