Veranda ya Vioo

Siku ya nne baada ya fundi kukabidhi kazi, Mutheu alikuta vioo vya veranda vimelambwa. Neno ni hilo hilo, usinitafutie jingine. Vilikuwa vimelambwa kwa ndani, kuanzia kimo cha goti hadi kiunoni, na ule ute ulikuwa umekauka ukaacha michirizi ya mafuta, na ndani ya mafuta mlikuwa na vinywele vifupi vya kijivu. Akachukua kitambaa, maji moto na sabuni ya vyombo, akasugua huku amebana pumzi. Kitambaa kikashika utando na kuanza kunuka kama mtaro wa buchari siku ambayo maji yamekatika. Alikitupa pamoja na ndoo yake.

Mama yake alikuwa hapo hapo kitini akiota jua. Mutheu akamuuliza kama kuna paka aliyeingia. Mama akasema hajaona paka. Akamuuliza kama hasikii harufu. Mama akatazama pembeni, akajibu kwamba chumba ni kizuri sana na Mungu ambariki baba Mwende kwa kukijenga. Hapo Mutheu angeshtuka, lakini nani hushtuka mumewe akisifiwa?

Baba Mwende ndiye Nzau, mume wa Mutheu, mkata nyama katika buchari moja pale Soko la Burma. Nyumba yao iko mtaa wa Lucky Summer, vyumba viwili na sebule, na mbele yake palikuwa na veranda yenye paa na sakafu ya simiti, ya kuanikia nguo na kuwekea baiskeli mbovu. Mwezi wa Juni ndipo mama yake Mutheu, Bibi Nthoki, alipoletwa kutoka Mwingi, magoti yamevimba, hainuki kitini bila kulia. Daktari alimpa dawa na kuonya kwamba baridi ya Nairobi itammaliza. Akae mahali pakavu, apate jua kila siku.

Sasa, kwa Wakamba, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya ukwe, na si jambo la kuchekea. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawaitani kwa jina. Nzau akikutana na Bibi Nthoki uani, huinamisha kichwa akapitia upande wa pili wa kamba ya nguo, na bibi naye hujifunika leso mpaka apite. Miaka kumi na minane ya ndoa, hajawahi kuuona uso wake wote.

Basi Mutheu, karani wa shule, mwanamke asiyekubali kushindwa na kitu, akatoa wazo. Veranda izungushiwe vioo pande tatu. Paa lake litenganishwe na la nyumba, liwekwe mabati ya kupitisha mwanga. Mlango wa sebuleni uzibwe kwa matofali, ufunguliwe mwingine wa kutokea uani. Iwe nyumba ya Mama, na jua liwake humo asubuhi hadi jioni, hata Julai. Fundi Patrobas alimaliza kwa wiki mbili. Kona moja ya sakafu ilikuwa imezama, ikaacha shimo la ukubwa wa sufuria. Patrobas alilishindilia kokoto, akamwaga simiti, akapiga vigae juu.

Na kazi ikajibu. Wiki ya pili Mama akaacha kuomba dawa ya maumivu. Wiki ya tatu akasema magoti hayamuumi kabisa, hata chembe. Mutheu alitembea kifua mbele, akiwaambia walimu kwamba daktari ni jua na wengine ni wababaishaji. Lakini ile harufu haikuondoka. Ilipanda kila adhuhuri, jua likisimama juu ya mabati yale, ikawa nzito hata ukaihisi kwenye ulimi. Nzi wakajaa kwenye vioo, wale wa kijani, wazembe, ukiwapiga wanapasuka na kuacha uji. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mgonjwa. Waliimba ubeti mmoja, leso puani, wakaondoka na kuiacha chai ya watu ikipoa.

Halafu kukawa na sauti. Mutheu aliisikia Jumamosi, akiwa jikoni, saa sita na dakika chache. Ilikuwa sauti ya kufyonza. Mtu anayejua kula supu ya mifupa anaijua: ule mvuto mrefu wa kutoa uboho, kisha kimya, kisha mvuto tena. Ilitoka verandani. Alipofungua mlango ikakatika. Mama alikuwa amelala kitandani, kinywa wazi, amepigwa na jua, na mashuka ya upande wa miguu yalikuwa yamelowa.

Aliyafunua. Miguu ya Mama ilikuwa imepakwa ule ute, kuanzia vidoleni hadi magotini, unavutika kama bamia. Mutheu alikaza moyo, akaleta maji, akaanza kumwosha. Aliposhika muundi, kidole gumba chake kikazama. Kilizama pole pole kama kwenye unga uliokandwa, kikafika upande wa pili bila kukutana na mfupa. Akakitoa, na ule mguu ukabaki na shimo.

Alitapika mlangoni. Aliporudi, Mama alikuwa macho, anamtazama kwa haya.

"Haiumi, mwanangu," alimwambia. "Kinakuja jua likiwa kali, kinalamba, kinanyonya. Sikutaka kusema. Mtu hasemi vibaya juu ya nyumba ya mkwe."

Mutheu alimpigia mumewe simu aje mara moja. Nzau alifika na aproni ya kazi bado kiunoni, akasimama uani, mgongo kwa veranda, kama adabu ilivyotaka. Mutheu alimweleza yote kwa sauti ya chini. Alitegemea ataambiwa amechoka, akapumzike. Badala yake mumewe alikaa chini kwenye karo la kufulia nguo, uso umemsawajika.

"Ni ile mifupa," akasema.

Miaka saba, kila jioni, Nzau alileta mifupa kutoka Burma. Walichemsha supu, na iliyobaki akaitupa pale kwenye kona ya veranda, kwenye lile shimo, ili mbwa wa mtaa wale. Asubuhi palikuwa safi. Siku ya vioo kuwekwa, Mutheu ndiye aliyepiga marufuku: hakuna tena uchafu wa mifupa karibu na chumba cha Mama.

"Sijawahi kuona mbwa hapo," Nzau alisema. "Hata mmoja. Na siku nyingine nilikuwa nikitupa, sisikii ikianguka."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Na tangu mama yako aingie humo, mimi siwezi hata kuchungulia."

Mutheu alimchukia kwa muda, kisha akajichukia mwenyewe zaidi. Aliyekata chakula ni yeye. Aliyejenga kuta kukizunguka kile kitu na kumlaza mama yake mzazi ndani, pamoja na mifupa yake mibovu, ni yeye.

Hawakungoja adhuhuri nyingine. Karibu na msikiti kulikuwa na mzee wa Kibarawa, Aweys, muuza ubani na manukato, ambaye watu wa dini zote walimwendea kwa siri. Alikuja asubuhi ya Jumapili. Hakugusa mlango. Alizunguka vioo mara moja, akanusa, akatema mate pembeni.

"Mifupa ndiyo riziki ya majini," aliwaambia. "Huyu mmemlisha mkamzoesha, na alikuwa nje, hana ubaya na nyinyi. Sasa mmemzibia mlango wake, mmemnyima, na mmemwekea ajuza mbele ya mdomo. Mtoeni huyo mama kabla ya adhuhuri. Na amtoe yule aliyekuwa akilisha, kwa mikono yake. Mikono hiyo inajulikana. Mwingine akimtoa, atavutwa yeye pia."

Nzau alisema hawezi. Hakusema kwa ukaidi. Kumbeba mama mkwe, kifua cha bibi mgongoni mwake, mikono yake mapajani mwa bibi, hilo halijawahi kutendwa kwao na lina laana yake. Na kutoka ndani, kupitia vioo, bibi naye akasema kwa sauti yake nyembamba, "Mwambie baba Mwende akae huko huko. Niache nife na heshima yangu."

Mutheu alipiga magoti mbele ya mumewe, pale uani, majirani wakitazama. Alimwambia hana mama mwingine.

Basi wakafanya hivi. Nzau alivua koti, akajifunika kichwa chote asione kitu, akageuka, akaingia verandani kinyumenyume, Mutheu akimwongoza kwa kumshika mshipi. Ilikuwa saa sita kasorobo. Joto la mle ndani lilikuwa la chungu kilichofunikwa, na harufu ikawapanda puani na kuteremka kooni na kukaa huko, na nzi wakawatua midomoni, na Mutheu akamwinua mama yake huku vidole vikizama mapajani, miguu ikining'inia kama nguo iliyoloweshwa, akamlaza kwenye mgongo wa mumewe na kumfunga kwa leso kama mtoto, na bibi akilia kwa aibu, uso kwenye bega la mkwe, na hapo ndipo kigae cha kona kilipolia, kikapasuka, kikainuka, na kutoka chini yake ukachomoza ulimi, mpana kama wa ng'ombe, wa kijivu, wenye nywele pale ambapo ulimi hauna nywele, ukapapasa sakafu, ukapapasa mguu wa kitanda, ukauzunguka mguu wa kulia wa suruali ya Nzau na kutulia hapo, kama unaomjua, huku yeye amesimama gizani mwa koti lake, hajui ni nini kinachomlowesha, mpaka Mutheu alipomvuta kwa nguvu zake zote wakatoka wote watatu wakaanguka uani.

Aweys alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Alichoma ubani, akamwaga chumvi kwenye nyufa. Mutheu mwenyewe alichukua nyundo akavipasua vioo, kimoja kimoja, akitukana matusi ambayo karani wa shule hapaswi kuyajua. Walipofukua kona, walikuta mifupa ya miaka saba imelambwa ikawa laini kama sabuni iliyotumika, na chini yake tope jeupe la joto, lenye kufuka. Walilichota kwa makoleo, wakalitia chumvi, wakalichoma. Jioni harufu ilikuwa imekwisha. Aweys akasema kimeondoka, akakataa chai, akaenda zake.

Hospitalini madaktari walishangaa, wakasema mifupa imelainika, wakampa vidonge. Mama alilazwa wiki mbili, kisha akahifadhiwa kwa jirani, Adoyo, ili nthoni isivunjwe mara ya pili. Na akapona. Wiki kwa wiki Adoyo alileta habari: leo ameketi, leo amesimama, leo amekwenda chooni peke yake. Mutheu alikuwa akilia kwa furaha kwenye foleni ya maji. Nzau peke yake ndiye aliyekuwa mnyonge siku hizo, akilalamika uchovu na kurudi mapema kutoka kazini.

Jumapili ya mwisho ya Agosti, Mutheu alikuwa akipakua ugali, Nzau ameketi sebuleni, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mama aliingia kwa miguu yake, wima, bila fimbo. Mutheu aliweka mwiko chini apate kumkumbatia. Kisha akaona kwamba mama yake hana leso kichwani, na hamtazami yeye.

Bibi Nthoki alivuka sebule, akaketi kando ya mkwe wake, nguo zao zikagusana, akamtazama usoni.

"Nzau," akamwita.

Hajawahi kulitamka jina hilo. Nzau aliinamisha kichwa, hajui aweke wapi macho. Bibi aliutwaa mkono wake wa kulia, akauweka mapajani mwake, akaanza kuminya vidole, kimoja baada ya kingine, toka shinani hadi nchani, bila haraka, kama mtu anayechagua kwenye buchari.

"Umekonda," akamwambia kwa upole. "Lakini bado una mifupa mizuri."

Mutheu, kwa sauti isiyofika mbali, alimwomba mumewe asimame atoke nje. Nzau alijaribu. Mguu wake wa kulia ukajikunja katikati ya muundi, mahali ambapo mtu hana kiungo, naye akaketi tena.