Aliyemlaza Dickson

Ngwa. Ngwa. Ngwa.

Rimu ya lori iliyotundikwa nje ya kanisa la Bujonde ilikuwa ikigongwa kwa pupa, na haikuwa saa ya ibada. Inspekta Nsajigwa aliisikia akiwa ng'ambo ya mto, amechuchumaa kwenye shamba la mpunga akifuatilia kwato za ng'ombe walioibwa. Aliinua kichwa. Rimu ikilia hivyo Bujonde, maana yake ni moja: mwizi, tokeni.

"Afande, daraja liko mbali," alisema bodaboda aliyemleta.

"Sijakuuliza umbali. Washa."

Walipofika, rimu ilikuwa imenyamaza na watu wametoweka. Nyuma ya nyumba ya Mzee Eliud, chini ya mikokoa, kijana mmoja alikuwa amelala, uso umevimba, shati limelowa damu. Nsajigwa alimgusa shingoni. Mshipa ulikuwa bado unapiga, kwa mbali.

Kilichomshangaza hakikuwa damu. Alishawaona wengi waliopigwa na umati, na wote aliwakuta wametupwa kama magunia. Huyu alikuwa amelazwa. Kwa ubavu wa kushoto, goti la juu limekunjwa. Kitenge kimeviringishwa na kusukumwa nyuma ya mgongo asirudi chali. Kingine kimewekwa kati ya magoti, mfupa usilalie mfupa. Kinywa kimeelekezwa chini, damu itoke nje.

Anayetaka kuua hatandiki.

Mwanamke alifika mbio, peku, akapiga magoti. Alikuwa Doreen, mke wa majeruhi.

"Ni Dickson wangu. Kibarua wa hapa. Alikuja kupindua kokoa kwenye sanduku la kuvundikia, afande. Leo ni siku ya kupindua, kila mtu anajua."

"Nani amemlaza hivi?"

"Nimemkuta kama ulivyomkuta wewe."

Katika mifuko ya Dickson kulikuwa na ufunguo mmoja na kipande cha muhogo. Nsajigwa aliandika PF3, fomu ya polisi ya matibabu, juu ya boneti ya pikapu ya mchuuzi wa mchele, akampakia majeruhi na mkewe kwenda hospitali ya Kyela, kisha akageukia nyumba.

Mzee Eliud, mzee wa kanisa, alimpokea sebuleni. Pembeni aliketi mwanawe Gwamaka, mwanafunzi wa Uingereza aliyekuja likizo.

"Ndaga, asante kwa kufika, afande. Mwizi umemwona. Amechukua pasipoti ya mwanangu, na Jumamosi anarudi masomoni. Atasafiri na nini?"

"Pasipoti hana. Nani alimwona akiiba?"

"Gwamaka ndiye aliyepiga kelele."

"Nani alianza kumpiga?"

"Watu walikuwa wengi."

"Mikono yako ina michubuko, mzee."

"Nimetoka kulima."

"Kwa ngumi?"

Mzee aliificha mikono kwapani. Nsajigwa alimgeukia kijana.

"Ulimwona wapi?"

"Dirishani. Alikuwa pale nyuma."

"Ameshika nini?"

"Sikuona vizuri."

"Baada ya kelele ulikwenda wapi?"

"Sikutoka. Sikumsogelea kabisa. Damu inanitisha."

"Huko Uingereza unafanya kazi?"

"Kidogo. Mwanafunzi anaruhusiwa saa ishirini kwa wiki, siku za masomo."

"Kazi gani?"

Baba ndiye aliyejibu, kifua mbele. "Maktaba. Anapanga vitabu vya chuo. Kanisa zima linajua."

Gwamaka alitazama sakafu.

Asubuhi iliyofuata Nsajigwa alikuwa wodini. Dickson alikuwa hajazinduka. Muuguzi wa zamu, Bibie, mwanamke wa mjini mwenye ulimi mwepesi, alimvuta kando.

"Inspekta, aliyemlaza huyu nitafutie nimnunulie soda. Angebaki chali, damu ingemziba pumzi wewe bado unatafuta daraja."

"Si huduma ya kwanza tu?"

"Kumlaza mtu ubavu, wengi wanajua. Kutenganisha magoti kwa nguo? Hiyo ni mikono ya mtu anayeshinda na wazee wasiojiweza, wale wanaogeuzwa wasitoke vidonda vya kitandani. Bujonde mna mtu wa hivyo?"

Nsajigwa alitoka barazani, akapiga simu mbili. Kwa askari wake wa Bujonde aliagiza nyumba ya Eliud ipekuliwe, hadi kwenye kokoa. Kwa Mzee Eliud alisema: njoo na mwanao mje kumtambua mtuhumiwa.

Walifika. Doreen, kwenye stuli kando ya mumewe, hakuwaamkia.

"Nimekuja kumwona mwizi," alisema Eliud.

"Mwone," alisema Doreen. "Mwone vizuri. Ulivyompiga hukumtazama usoni."

Nsajigwa alimpa Bibie ishara ya jicho.

"Wanaume, nisaidieni mikono," alisema muuguzi. "Muda wa kumgeuza umefika, na mwenzangu yuko leba."

Mzee alirudi nyuma. Gwamaka alisita, akamtazama baba yake, akamtazama majeruhi. Kisha ni kama mikono ilimtoka mwilini ikaenda yenyewe. Alisugua viganja hadi vikapata joto. Aliinama sikioni.

"Dickson, ni Gwamaka. Nakugeuza sasa. Naanza na bega, usiogope."

Mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Alimvuta kwa shuka, si kwa ngozi. Akakunja mto, akaupitisha kati ya magoti.

Bibie alimtazama Nsajigwa.

"Maktaba ya kwenu," alisema Nsajigwa taratibu, "vitabu vinageuzwa hivyo?"

Gwamaka alibaki ameshika ukingo wa kitanda.

"Ulimlaza wewe."

"Ndiyo."

"Uliniambia hukumsogelea."

"Walidhani amekufa, wakakimbia. Sikuweza kumwacha chali."

"Pasipoti iko wapi?"

Gwamaka alimtazama baba yake.

"Gwamaka. Huyu akifa, ni kesi ya mauaji. Iko wapi?"

"Kwenye sanduku la kuvundikia kokoa. Chini ya majani ya migomba. Niliificha jana asubuhi. Miaka miwili sijashika kokoa, nikasahau kwamba ni siku ya kupindua. Nikamwona Dickson anafunua majani. Nikajua ataikuta. Nikapiga kelele ya mwizi kabla sijafikiri."

"Mwache mtoto," alisema Eliud. "Amechanganyikiwa."

"Sijachanganyikiwa, baba. Sirudi Uingereza. Chuo kimenifuta, viza imefutwa. Nilikuwa nafanya kazi usiku, kupita saa za ruhusa, kwa jina la mwenzangu. Mchana nasinzia darasani, mwisho nikaacha hata kwenda. Wewe ungenisindikiza hadi uwanja wa ndege, wanikatalie mbele ya macho yako. Lakini pasipoti ikiibwa, mwenye kosa ni mwizi. Si mimi."

"Vitabu gani hivyo vya usiku?"

"Hakuna vitabu. Naosha wazee. Wanaume kwa wanawake. Nawavua nguo, nawaosha, nawafunga nepi."

Eliud aliketi kwenye kitanda kitupu. Katika rika lake, mke wa mwana hapishani hata njiani na baba mkwe, naye mwanawe anasema amewavua nguo bibi za watu.

"Ungeniambia," alisema kwa sauti ndogo.

"Ungelitangazia kanisa?"

Nsajigwa alikionyesha kitanda cha Dickson. "Kuosha wazee si aibu, kijana. Aibu ni hii iliyolala hapa. Nani alimpiga kwanza?"

Gwamaka alifumba macho.

"Mimi," alisema Eliud mwenyewe. "Kwa mpini wa jembe, kisha kwa ngumi."

Simu ikalia. Askari wa Bujonde walikuwa wameshaipata: imevimba, imekuwa ya hudhurungi, inanuka siki.

Nsajigwa alitoa pingu. "Gwamaka, uko chini ya ulinzi kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Mzee Eliud, wewe kwa kujeruhi. Lete mikono. Wenzako utanitajia kituoni, mmoja mmoja."

Ndipo kitanda kikalia. Midomo ya Dickson ilikuwa ikitafuta maneno. Doreen aliinama.

"Pasipoti," alisema Dickson. "Imeonekana? Waambie sikuichukua."

Doreen alisimama, akamkabili Gwamaka. Hakuwa na chozi.

"Usimwombe radhi. Radhi yako kaa nayo. Mwambie."

Gwamaka alipiga magoti na pingu zake. "Imeonekana, Dickson. Niliificha mimi. Wewe hukuiba kitu. Nitasema hivyo mbele ya wote waliokupiga."

Dickson hakumtazama. Neno la Gwamaka lilishamvunja mbavu mara moja. Alimtafuta mwenye sare, kwa jicho moja lililoweza kufumbuka, na jicho hilo lilikuwa linauliza.

Nsajigwa alivua kofia, akasogea alipoweza kuonekana.

"Jumapili atasema, kanisani Bujonde, watu wote wakiwepo. Nitamleta mwenyewe. Akikwama neno, nitalimalizia mimi. Nakuahidi, Dickson."